Mlima Umefungwa na Theluji Ipo

Siku ya mkutano Bi Kiyono alifika ukumbini mapema. Alivua viatu mlangoni, akavipanga ncha zikitazama nje kama alivyofundishwa na mama mkwe wake miaka ile alipoolewa, kisha akakaa safu ya nyuma, karibu na jiko la mafuta ya taa. Juu ya mlima theluji ya kwanza ilishaanguka, ila kijijini ilikuwa bado. Kijiji kizima cha Hinokura kilikuwamo mle ndani: wenye nyumba za wageni, mwenye duka la kukodisha mbao za kutelezea, mama wa tambi za ngano nyeusi, mtunza hekalu, na wanaume wa viti vya waya, wale wanaowapandisha wageni mlimani wakining'inia kama nguo kwenye kamba, ili washuke wakiteleza.

Mbele walikaa watu wawili. Mmoja alikuwa Bwana Hoshikawa, meneja kijana aliyeletwa na Kampuni baada ya kuununua mlima. Mwingine alikuja na treni ya asubuhi kutoka Tokyo, bwana wa suti ya kijivu na soksi nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Kila mtu alizitazama zile soksi kwa huruma, maana sakafu ya ukumbi ule huuma kwa baridi.

Zamani mlima ulikuwa wa kijiji chenyewe. Nguzo za kwanza zilichimbiwa na baba zao kwa mikono, na kila kaya ilikuwa na fungu lake. Mitambo ilipochakaa na vijana wakapungua, wazee walikubaliana kuuza. Mwaka wa kwanza Kampuni haikugusa kitu, ikapaka tu rangi mpya kwenye vyoo, na watu wakasema, kumbe hawa ni watu wazuri.

Sasa bwana wa suti akawasha picha ukutani akaeleza kwa sauti ya upole kwamba kuanzia msimu huu mlima utafunguliwa siku chache kabla ya Mwaka Mpya, na utafungwa Jumapili ya mwisho ya Machi. Zamani walifungua Desemba inapoanza, na wakaendelea mpaka zipite sikukuu za Mei. Mtu hakuwa akitazama kalenda. Walitazama mlima wa ng'ambo, ambako theluji ikiyeyuka huacha mwamba mweusi wenye umbo la farasi. Farasi akitokea mpaka kwato, viti vilisimamishwa na watu wakateremka mashambani kutayarisha mpunga.

"Je, kuna mwenye swali au maoni?" akauliza yule bwana.

Hapana aliyesema. Jiko lilinguruma. Mtu mmoja alikohoa, mwenzake naye akakohoa kumsaidia.

"Basi tunawashukuru kwa kutuelewa." Akainamisha kichwa. Ukumbi mzima ukainamisha vichwa.

Mtu wa mbali angedhani wamekubali. Lakini Hinokura jambo haliamuliwi mkutanoni. Mwenye jambo huzunguka kwanza nyumba kwa nyumba, aingize miguu chini ya meza ya moto yenye blanketi, anywe chai, aonje achari ya majani ya figili ya nyumba ile na kuisifu, azungumzie hali ya hewa, ndipo alitoe neno lake. Na mwenye nyumba naye hulitoa lake. Mambo yakishapikwa hivyo mpaka yakaiva, mkutano huitishwa wa kuinamisha vichwa tu. Kumpinga mgeni mbele za watu ni kumvua nguo. Sasa hawa wageni hawakuwa wamezunguka, kwa hiyo kila mtu alielewa kwamba wameanza nyuma-mbele kama watu wa mjini wanavyofanya, na kwamba mazungumzo yenyewe yanakuja.

"Watakuja majumbani," alisema Mzee Isaburo walipokuwa wakivaa viatu. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Bi Kiyono, na ujana wake wote aliumalizia kwenye viti vya waya. "Shemeji, kachimbue achari yako, maana wakionja ya kwangu wataufunga mlima mwezi wa pili."

"Ya kwako si achari, ni dawa ya panya," akajibu Bi Kiyono.

Walicheka, wakaagana. Lakini njiani Bi Kiyono hakuwa akicheka tena, maana yeye alikuwa na jambo lake.

Mwanawe Takuji ndiye aliyeendesha mashine ya kusawazisha theluji, ile kubwa yenye minyororo kama kifaru cha vita, inayopita alfajiri na kuuacha mteremko umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Alikuwa amehamia Nagoya, kwenye kiwanda cha vioo vya magari, akarudi kumzika baba yake, na aliporudi akaona hesabu inakubali: majira ya baridi mlimani mpaka Mei, majira ya joto kwenye mpunga, mwaka umekamilika. Akamleta mkewe Minori, wakamzaa Nagisa. Watu wanne katika nyumba moja, na wageni wa kulipa juu ghorofani. Mlima ukifungwa Machi mwaka unabaki na tundu, na Bi Kiyono alijua kwamba mwanawe angevuka kupitia tundu hilo akaenda zake. Tena Aprili ndiyo Nagisa anaanza darasa la kwanza. Bi Kiyono alikwisha kumnunulia begi la ngozi, kama bibi wote wanavyofanya, rangi ya zambarau aliyoitaka mwenyewe, na mtoto alizunguka nyumbani nalo mgongoni, likiwa tupu, mpaka wakati wa kula.

Basi akajitayarisha. Akabadilisha karatasi zilizowambwa kwenye milango ya sebule, akatoa vile vikombe vyenye maua ya buluu, akatundua persimoni, yale matunda yaliyokaushwa nje ya dirisha, na kuyapangusa unga wake wa sukari kidogo yasionekane kama ya kujisifu. Achari akaichimbua kwenye pipa lenye jiwe juu yake, akaionja, ikawa bado kidogo, akasema wakija wiki ijayo itakuwa sawasawa. Na maneno yake pia aliyapanga: hangeomba mpaka Mei. Angeomba Aprili tu, iishe. Aprili moja.

Wiki ikaja, ikapita.

"Kwako wamefika?" alimwuliza mama wa tambi dukani.

"Aa, kwangu bado," alisema yule mama, akishughulika na mfuko. "Nadhani wameanza kwa wakubwa, kule kwa mtunza hekalu."

Mtunza hekalu naye aliulizwa, akasema kwake bado, lakini hakushangaa, maana wenye nyumba za wageni ndio wenye jambo, ni haki waanze kwao. Wenye nyumba za wageni wakadhani wameanza kwa watu wa viti. Kila nyumba ilifagiwa, kila nyumba ilichemsha maji, na kila mmoja aliona haya kwenda mwenyewe ofisini, asije akaonekana ameruka foleni na kuwapita wenzake. Mchana mmoja gari la Kampuni lilisimama mbele ya mlango wa Bi Kiyono. Alitupa kitambaa cha jikoni, akashika nywele zake, akapiga magoti mlangoni tayari kwa kukaribisha. Lilikuwa limesimama kumpisha trekta. Likaondoka.

Minori aliyaona yote hayo akiwa na ndoo ya mchele mkononi. Yeye alizaliwa mjini. "Mama," akasema taratibu, "mimi nadhani hawaji."

"Watakujaje kabla ya Mwaka Mpya, mwanangu? Watu wana kazi. Watakuja kazi ikipungua."

"Mama, kwao kule mkutano ukiisha, umeisha."

Bi Kiyono alimtazama mkwe wake kama anayeambiwa kwamba kuna nchi watu wanakula kwa miguu.

Mlima ukafunguliwa. Wageni wakajaa, shuka zikafuliwa, na mabango mapya yakabandikwa stesheni yenye picha ya msichana anayeruka, na chini yake tarehe ya kufunga kwa herufi kubwa: Machi. Bi Kiyono alisimama mbele ya bango lile na kitunguu jani kikichungulia kwenye kapu lake, akalisoma mara mbili. Siku hiyohiyo akamwendea Mzee Isaburo.

"Twende," akasema.

"Bila kuitwa?"

"Bila kuitwa."

Walikwenda na achari imefungwa vizuri kwenye kitambaa. Ofisi ilikuwa chini ya mteremko, pale palipokuwa stoo ya kamba enzi za kijiji. Bwana Hoshikawa aliwapokea kwa mikono miwili, akawapa viti karibu na moto, akamimina chai mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa baridi. Alikuwa mtoto wa Shizuoka, kwenye mashamba ya chai, na kabla ya kazi hii hakuwahi kushika koleo la theluji.

Wakaongea hali ya hewa. Wakaongea achari. Halafu Bi Kiyono akaweka viganja juu ya magoti.

"Tulikuwa tunawasubiri majumbani," akasema.

"Majumbani?"

"Kuhusu lile la Machi. Hatukutaka kukusumbua, tukasema mtakuja wenyewe."

Uso wa yule kijana ukaanza kuwa mwekundu kuanzia shingoni. "Mama yangu," akasema, "mbona mkutanoni hakusema mtu? Nilirudi Tokyo na yule mkubwa wangu, tukawaambia wakubwa kwamba wakazi hawana pingamizi. Jambo likapitishwa siku ileile."

"Tulinyamaza kwa adabu," alisema Mzee Isaburo.

"Mimi nilidhani mmeridhika. Nilifurahi hata. Nilimpigia mama yangu simu nikamwambia nimepata watu wapole."

Bi Kiyono akalileta lake, Aprili moja tu. Akamwambia theluji ya Hinokura huwa na kimo cha mtu mpaka wakati ule, na kwamba wageni wa Aprili ni wazee wastaarabu wasiovunja vikombe. Bwana Hoshikawa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaeleza, bila kujificha, jinsi mambo yalivyo. Tiketi ya msimu mzima, inayompandisha mtu milima yote ya Kampuni, huuzwa Septemba. Mtu akishalipa, aje Aprili asije Aprili, ni mamoja. Akija anaunguza dizeli tu na mishahara ya watu. Hesabu za Kampuni hufungwa mwisho wa Machi. Na mashine za kusawazisha, badala ya kununua nyingine, hupakiwa kwenye malori zikapelekwa mlima wao wa kaskazini, Hokkaido, ambao ni mkubwa na wageni wake wanatoka nchi za nje.

"Kwa hiyo theluji haimo kwenye hesabu," alisema Mzee Isaburo.

"Imo, mzee wangu. Ila ya Aprili haimo."

"Sasa nani wa kuambiwa? Wewe tumekwambia. Yule wa soksi?"

"Yule naye ana wakubwa wake. Na wakubwa wake wana wenye fedha, wako ng'ambo, mimi sijawahi kuwaona."

"Wao wameuona mlima?"

"Sijui. Nadhani hapana." Akaikunjakunja ile leso ya achari. "Nitaandika, Mama. Nitaandika kesho."

Na aliandika kweli, maana alikuwa mkweli. Baada ya muda alikuja mwenyewe nyumbani kwa Bi Kiyono, mtu wa kwanza na wa mwisho wa Kampuni kuingiza miguu chini ya meza ile. Achari ilikuwa imeiva barabara. Alikula vipande viwili, akasema ni tamu sana, akaweka vijiti chini sambamba.

"Wamejibu kwamba watalitafakari," akasema.

Bi Kiyono akaguna tu. Hilo alilielewa bila kufafanuliwa, kwamba ni hapana ya adabu. Alimwongezea chai.

Theluji mwaka ule iliwadhihaki. Februari iliangusha, Machi ikaangusha tena, mpaka madirisha ya chini yakazibwa na Takuji akachimba njia ya mlangoni kama handaki. Wageni walisema hawajaona msimu kama huu. Kila asubuhi Bi Kiyono alipotoka kupiga paa fagio, moyo wake ulimwambia kitu cha kijinga: labda wakiona hivi. Lakini wa kuona hawakuwapo. Bwana Hoshikawa alipeleka picha Tokyo, akajibiwa kwamba ni nzuri, akaombwa nyingine za bango la mwakani.

Barua ya Kampuni kwa Takuji ilikuja pamoja na mshahara. Alimwita mama yake jikoni.

"Wananitaka Hokkaido kuanzia Aprili mosi. Kule wanafanya kazi mpaka Mei inaisha, na kiangazi kuna kazi ya kutunza nyasi. Nyumba wanatoa."

"Na usipokwenda?"

"Nisipokwenda kazi imeishia Machi."

"Si ukae hapa mpaka mpunga? Kuna kazi za barabara. Kuna..." Akatafuta kitu kingine, akakosa. "Mwambie Bwana Hoshikawa akuachie mashine moja. Moja tu. Ile ya zamani inayovuja."

Takuji alicheka kidogo, akamshika mama yake begani, jambo asilokuwa na mazoea nalo. "Mama, hata ile inayovuja inapakiwa. Na viti vikisimama, nitamsawazishia nani?"

"Nagisa je? Mwalimu ameshaandika jina lake kwenye kabati la viatu. Nimeliona."

"Shule zote zinaanza Aprili. Tukienda, twende naye sasa. Hatuwezi kumwanzisha huku halafu tumng'oe."

"Akishaanza kule ndiyo basi."

Minori alikuwa amegeuka, anaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Jumapili ya mwisho jua liliwaka. Wageni walipanda mpaka saa ya mwisho, na kiti cha mwisho kiliposhuka kitupu Mzee Isaburo, aliyestaafu zamani, aliomba aruhusiwe kuzima swichi. Wakamruhusu. Alizima, akaendelea kuishika kwa muda, kisha akasema, "Haya, kaleni tambi," na hakwenda kula yeye.

Siku ya pili malori yakaja. Takuji mwenyewe ndiye aliyezipandisha mashine juu ya malori, moja moja, kwa ustadi, bila kukwaruza. Kijiji kilitoka, kikajipanga kando ya barabara kama kinavyomsindikiza mgeni yeyote. Malori yalipoanza kuondoka watu wakainama, na kwa kuwa desturi ni kubaki mmeinama mpaka mgeni apotee machoni, na barabara ya Hinokura ni ndefu na imenyooka, waliinama kwa muda mrefu. Bi Kiyono alikuwa anaitazama theluji iliyo mbele ya viatu vyake akijiuliza anamwinamia nani. Lakini hakuinuka kabla ya wenzake.

Familia iliondoka kwa treni baada ya siku moja. Nagisa alivaa begi la zambarau ndani ya treni, akakataa kulivua, kwa hiyo akakaa kwenye ukingo wa kiti. Bi Kiyono aliwapa achari, persimoni, na mchele wa nyumbani, akamwambia Minori maji ya kule ni tofauti, aongeze kidogo akipika mchele. Minori alilia. Bi Kiyono alisema, "Treni haingoji, ingieni."

Aprili ikaanza. Mlima ulikuwa mweupe mpaka chini, hauna hata mstari mmoja wa mtelezaji. Siku moja wazee wawili, mume na mke, walifika na gari kutoka Kanazawa, mbao zao zimefungwa juu ya paa. Walikuwa wamezoea kuja kila Aprili. Walisimama mbele ya viti vilivyotulia wakavitazama.

"Viti vimeharibika?" mume akauliza.

"Vizima," alisema Bi Kiyono.

"Theluji yote hii?"

"Ndiyo. Samahani sana. Tumewasumbua mmetoka mbali." Akainama. "Tunaomba radhi kwa kweli."

"Aa, si kosa lako, mama," yule mke akasema haraka. "Ni nani mwenye mlima siku hizi?"

Bi Kiyono alifungua kinywa. Alijua jina la Kampuni, liko kwenye bango. Lakini mwanamke alikuwa ameuliza nani. "Wako mbali," akasema mwishowe, akaomba radhi tena, na wazee wale nao wakamwomba radhi yeye kwa kumuuliza, wakageuza gari.

Jumapili Takuji alipiga simu wakati Bi Kiyono anakula peke yake, redio ikiwa wazi. Kwanza akazungumza Nagisa: shuleni wako wengi, kuna mtoto anayetoka Australia hajui kushika vijiti, na wali wa mama umekuwa uji. Kisha akaja Takuji. Alikohoa.

"Mama, wanataka nisaini kazi ya kudumu. Nyumba itakuwa yetu muda wote nitakaokuwa kazini. Nikikataa, mkataba unaisha Mei, ndiyo nirudi huko. Wanataka jibu Jumatatu."

"Bwana Hoshikawa anasemaje kuhusu huku?"

"Amehamishwa, Mama. Yuko Tokyo. Ila kabla hajaondoka aliniambia mwakani huko watafunga mapema zaidi. Nimemwambia Minori kwamba sisaini kabla sijakuuliza. Unasemaje?"

Bi Kiyono aliizima redio. Dirishani mteremko uling'aa mpaka machozi yakamtoka kwa mwanga. Alijua mwanawe angemsikiliza. Akisema rudi, atarudi, Mei atakuwa mlangoni na mizigo, na mtoto ameng'olewa shule, na mlima utakaompa kazi ya wiki chache tu, na yeye mwenyewe mama hana cha kuwaahidi isipokuwa achari.

"Nyumba yenyewe ina joto?" akauliza.

"Ina joto. Ina vioo vya mara mbili."

"Minori anasemaje?"

"Anasema nikusikilize wewe."

"Basi saini, mwanangu."

"Kweli, Mama?"

"Nimesema saini. Na umwambie Minori asiongeze maji kwenye mchele. Nilikosea."